Shanga Nyeusi za Ziwa Mweru

Shangazi yangu Pierrette alikuwa na mdomo. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi nikifika Nchelenge, wanaomkumbuka humpamba mpaka simtambui: eti alikuwa mpole, mwenye subira, mwenye maombi. Maombi alikuwa nayo. Upole, hapana. Aliweza kumsimamisha mwuza samaki katikati ya bei na kumuuliza hesabu ile alifundishwa na nani.

Kwetu ni Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Huko alifundisha hisabati katika shule ya sekondari, na kabla ya hapo alisoma Lubumbashi, ambako somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa takwimu. Alinilea yeye, maana baba yangu, kaka yake, alikufa nikiwa sijajua kutembea, na mama hakukawia kumfuata. Nilimwita Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa. Alinifundisha kuhesabu kwa Kifaransa cha kwetu, sabini ni septante na tisini ni nonante, na nikikosea alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Vita vilipofika Pweto tulivuka ziwa, yeye, mumewe Félix na mimi. Félix alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mrefu wa maneno machache. Tulifika salama Kabuta, kijiji cha wavuvi karibu na Nchelenge, upande wa Zambia, tukapewa kona ya kulala, na baada ya siku chache Félix akasema anarudi kumchukua mama yake, bibi mbishi aliyekataa kuiacha nyumba yake. Siku aliyotaka kuondoka, upepo ulivuma mchana kutwa na ziwa likawa jeupe kwa mapovu. Akangoja. Kesho yake alfajiri wenye mitumbwi wakamwambia aende bila wasiwasi, kwa sababu ziwa limechoka.

Hiyo ndiyo kanuni ya ufuko wetu. Upepo ukivuma siku nzima, wavuvi husema ziwa limemaliza nguvu zake, kama mtu aliyepiga kelele mpaka sauti ikakauka, na kwa hiyo kesho ni siku salama kuliko zote. Kanuni yenyewe inalishwa na tumbo pia. Siku ya upepo hakuna aliyevua, kwa hiyo kesho yake samaki wachache watakaofika sokoni watagombaniwa. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza kama ni kweli.

Félix akaenda. Jua halijafika utosini, upepo ulirudi. Hatukumwona tena yeye, wala mtumbwi, wala kasia. Tulimlilia juu ya koti lake. Walilitandika kwenye mkeka mahali ambapo maiti ingelala, mikono ya koti ikiwa imekunjwa vizuri kifuani, na watu wakakaa kulizunguka wakiimba nyimbo za kanisa. Tantine hakulia mbele yao. Kila aliyekuja kutoa pole alimuuliza jambo moja: "Ule mupepo wa jana na wa leo, ni mumoja ao ni mbili?" Wakasema huzuni imemharibu akili, wakaniletea mimi uji.

Wakimbizi wengi walipelekwa kambini Kala. Nasi tulikaa huko muda, kisha akaomba ruhusa, tukarudi Kabuta. Alisema hawezi kuishi mahali asipoliona lile ziwa, kama vile mtu anavyotaka kumweka adui yake mbele ya macho. Akaanza kununua chisense, dagaa wetu wadogo, akiwaanika mchangani na kuwauzia watu wa baiskeli waliowapeleka bara. Hapo ndipo Mubanga alipomwona.

Mubanga alikuwa mvuvi wa Kabuta aliyefiwa na mke, mwenye sauti nene na kicheko kilichotangulia mwili wake kufika. Alimposa kwa samaki. Kila alipopata samaki mnono wa aina tuiitayo pale, alimleta mlangoni kwetu, akamweka juu ya jani, akaondoka bila kusema neno, na kwa mtu kama Mubanga kunyamaza ilikuwa kazi kubwa. Walifunga ndoa kanisani. Kwa desturi ya Wabemba akaanza kumwita Bana Plamedie, yaani mama wa Plamedie, ambaye ndiye mimi, na yeye akamwita Bashi Plamedie, baba wa Plamedie. Nilikuwa sijawahi kuwa mtu ambaye wazazi wanaitwa kwa jina lake. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima.

Mara ya kwanza upepo ulipovuma siku nzima, asubuhi iliyofuata Tantine alimkuta anachukua kasia. Akasimama mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Ku ziwa, Bana Plamedie. Jana lilipiga makelele sana. Leo limechoka."

"Nani alikuambia limechoka?"

"Baba yangu. Na baba yake."

"Na beye ni nani aliwaambia?"

Mubanga akacheka, akamzunguka kama mtu anavyozunguka ng'ombe njiani, akaenda. Alirudi kabla ya saa sita na samaki wengi, akiimba. Tantine aliwapika wote, na yeye hakula. Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia, bila kunitazama, "Mi sitalilia koti mara ya pili." Tangu siku hiyo nilijua anachokitaka duniani. Wengine wanataka nyumba ya mabati. Yeye alitaka mume wake aache kuingia ziwani siku inayofuata upepo.

Angeweza kulia au kununa, kama wake wengine. Lakini alikuwa mwalimu, akaamini kwamba mtu akioneshwa atakubali.

Alikwenda soko la Kashikishi kwa Ba Ngosa, mama aliyeuza shanga. Mahali hapa ni lazima nieleze kwamba shanga hizo huvaliwa na wake kiunoni, ndani ya nguo, na Wabemba huziita bulungu. Ni siri ya chumbani. Msichana hufundishwa habari zake na mama wakubwa anapokaribia kuolewa, na hata jina hutajwa kwa sauti ya chini. Tantine akaagiza nyeupe na nyeusi, kilo na kilo.

"Ba mama," akauliza Ba Ngosa, "hii yote? Weye uko na viuno ngapi?"

"Si ya kuvaa. Ni ya kutundika ku mulango."

Ba Ngosa aliliambia soko zima. Siku Tantine alipofunga kamba mlangoni na kuanza kutunga shanga, wanawake wa kanisa walikuja watatu kuzungumza naye kwa heshima. Walieleza kwamba mambo mengine Mkongo hawezi kuyajua. Aliwasikiliza, akawapa chai, na kesho yake akaongeza ushanga. Mubanga alipofahamu kwamba watu wanadhani mke wake ametundika siri za chumba chao nje, alicheka mpaka akakaa chini.

Kila jioni mchezo ulikuwa huohuo. Tantine alimuuliza, "Nyeupe ao nyeusi?" Mubanga aligeuka kulitazama ziwa, akafikiri kama mtu anayeulizwa habari za ndugu yake, kisha akajibu. Nyeusi ni siku ya upepo wa kumzuia mvuvi, nyeupe ni siku tulivu. Tantine alitunga alichoambiwa. Nilimuuliza kwa nini hachagui mwenyewe wakati macho anayo.

"Juu mi niko na kasirani na hii ziwa," alisema. "Mutu wa kasirani hawezi kuhesabu muzuri."

Alianza ziwa lilipofunguliwa mwezi wa tatu, akaenda hivyo mpaka lilipofungwa mwishoni mwa Novemba, kama serikali inavyolifunga kila mwaka ili samaki wazae. Kamba ilikuwa imeshatoka mlangoni, ikazunguka dirisha, ikaingia chini ya paa. Mwezi wa Disemba nyavu ziko juu na wanaume wanazurura ovyo. Ndipo akawaita watu.

Aliweka beseni mchangani. Alikuwa amenunua shanga nyingine, nyeupe na nyeusi sawasawa na zile za kamba, ili kamba ya ziwa isiguswe. Akaeleza. Kama siku hazijuani, yaani kama leo haijali jana ilikuwaje, basi mtu akizichanganya shanga ndani ya beseni na kuzitunga amefumba macho, kamba yake itafanana na kamba ya ziwa. Nyeusi zitakuwa zimekaa jirani na nyeusi mara zilezile au karibu. Kama ni kweli ziwa linachoka, nyeusi zitakimbiana, na kamba ya ziwa itakuwa na majirani weusi wachache kuliko kamba zote za beseni. Lakini kama siku ya upepo inaishika mkono siku ya kesho, ziwa litakuwa na majirani weusi wengi kuliko bahati inavyoweza kuwakutanisha.

"Donc mutatunga, tutahesabu," akasema. "Mwenye atashinda ziwa kwa majirani weusi, sukari iko hapa."

Nyie, watu walitunga! Sijaona tena furaha ya namna ile. Wanawake waliochukizwa na shanga za mlangoni sasa walikuwa wanasukumana wafikie beseni. Wanaume walitunga kwa vidole vya kuvutia nyavu, shanga zikiwaponyoka, na Mubanga alitunga ulimi ukiwa nje. Tantine alihesabu majirani kwa sauti, kwa Kifaransa, na wote wakahesabu naye bila kujua wanachosema. Hakuna aliyelikaribia ziwa. Majirani weusi wa ziwa walikuwa wengi mno. Jioni watu walikubali kwa makofi kwamba upepo huvuta upepo, na sukari ikabaki kwetu.

Siku ya tatu Tantine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukasimama juu.

"Nimekosea," akasema.

Aliacha kinu hapohapo akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba ushindi wake haufai. Nilimfuata nikiona aibu ya kufa. Kosa lilikuwa hili: mwezi wa sita na wa saba upepo wa kusini-mashariki ni mwingi, na mwezi wa kumi na moja ni mdogo. Alipochanganya miezi yote katika beseni moja, alitawanya nyeusi za mwezi wa saba mpaka Novemba, ambako hazikuwahi kuwa. Pengine ziwa lilimshinda kila mtu kwa sababu ya majira tu, si kwa sababu leo inaifuata jana.

"Lakini tulishakubali!" Ba Ngosa alilalamika.

"Mulikubali kitu chenye hakina preuve," Tantine akamjibu, akimaanisha uthibitisho. "Mukikubali uongo leo, kesho mutakubali ingine."

Niambieni, nani hufanya hivyo? Mtu ameshinda, amepigiwa makofi, mume wake mwenyewe amepiga makofi, na anachokitaka kuliko vyote kiko mkononi. Nilimkasirikia sana. Leo, kila ninapomkumbuka amesimama kwenye uwanja wa Ba Ngosa na mikono ya kijani kwa sombe, nampenda upya.

Safari ya pili alitumia vikombe badala ya beseni, kila mwezi na kikombe chake. Shanga za mwezi wa saba zilichanganywa zenyewe kwa zenyewe na kutungwa mahali pao, halafu za mwezi wa nane, na kuendelea. Kazi ilikuwa ndefu na raha ilikuwa imeisha, kwa hiyo walikuja wachache. Tulitunga, tukafumua, tukatunga tena, siku baada ya siku, mvua ikipiga paa. Safari hii kamba kadhaa zililikaribia ziwa. Ba Ngosa alilishinda mara moja na akaichukua sukari yake bila kuchelewa. Lakini alikuwa yeye tu, katika kamba zote tulizotunga mpaka vidole vikapata sugu.

Tantine aliitazama ile kamba ndefu ya ziwa. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, kilio ambacho hakukitoa juu ya koti.

"Haikukuwa hasard, haikukuwa bahati tu," akasema. "Félix alikufa bure. Ile mupepo ya jana yake ilikuwa inamuambia abakie, na hakuna mutu alisikia."

Mimi sikuwa nimefikiria hilo. Kwa miezi yote ile nilidhani anatafuta jibu kwa ajili ya Mubanga. Kumbe jibu hilohilo lilikuwa linamwangukia Félix pia, na alilijua tangu ushanga wa kwanza.

Mubanga alikuwa amesimama na kikombe cha mwezi wa nane mkononi. Alikiweka chini taratibu.

"Awe, hapana, Bana Plamedie," alisema. "Basi. Siku ya nyuma ya mupepo, sitaenda."

Ziwa likafunguliwa. Upepo wa kwanza mkubwa ulivuma, na kesho yake Mubanga akabaki. Sasa mjue kwamba siku hiyo Mweru lilitulia kama maji ndani ya kikombe. Wanaume wote waliingia ziwani, wakarudi wamejaa samaki, wakapita mbele ya nyumba yetu makusudi wakimwita Mume wa Bulungu. Tantine alitoka nje akawafokea kwamba alisema upepo hurudi mara nyingi, hakusema hurudi kila mara, na kwamba kama hawaoni tofauti yake wakatafute mwalimu. Wakazidi kucheka. Mubanga alishona nyavu zake, uso umejifunga.

Upepo wa pili, akabaki. Wa tatu, akabaki. Miaka ikaenda. Mara nyingine mtumbwi wa mtu ulipinduka siku ya pili ya upepo, mara nyingine wote walirudi wakiimba, na ufuko uliendelea na kanuni yake kama kawaida. Kama siku mojawapo ingemchukua Mubanga, hatujui. Shanga hazikuweza kumwambia mtu habari ya siku moja. Tantine mwenyewe alilisema hilo wazi, hata lilipompunguzia heshima.

Siku hizi nafundisha hisabati Mansa. Chuoni walinipa jina la kile alichokitafuta na vipimo vyake, vingi vikiwa na majina ya Wazungu wawiliwawili, kana kwamba hakuna aliyethubutu kwenda peke yake. Kimoja kinatazama leo na jana tu. Kingine kinatazama juzi na siku za kabla yake pia, vyote kwa pamoja. Unabonyeza kompyuta na jibu linatoka kabla hujakaa vizuri. Vipimo ni vizuri na navifundisha kwa moyo. Ila natamani kusikia tena shanga zinavyomiminika ndani ya beseni la plastiki, na harufu ya chisense ikipanda mchangani, na sauti ile inayosema nonante kwa ukali. Tangu Tantine aage dunia, hakuna anayenikosoa kwa namna ninayoiamini.

Mubanga alitangulia. Ugonjwa wa sukari ulimla mguu, akarudishwa nyumbani kutoka hospitali, nami nikapanda basi dogo kutoka Mansa kuja kumwona. Nilimkuta amelala karibu na dirisha, amekonda, kicheko kimebaki. Tantine alikuwa anawaambia wageni, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba wenzake Mubanga wengi wako chini ya maji, lakini yeye anazeeka kitandani kwa sababu aliikubali hesabu.

Wageni walipoondoka Mubanga akasema, "Bana Plamedie, niseme kweli?"

"Sema."

"Ile mambo ya bulungu, sikuielewaka. Hata kidogo."

Tantine akageuka. "Namna gani hukuelewa? Ulitunga! Ulihesabu!"

"Nilikuwa nahesabu juu batu bote banahesabu."

"Na juu ya nini ulikuwa unabakia? Miaka yote hii, banakucheka?"

Mubanga alichezea ukingo wa blanketi. "Ulilia," alisema. "Nikaona, huyu mwanamuke akilia tena vile juu yangu, mi sitakuwa hapa ya kumunyamazisha."

Mnadhani alimkumbatia? Alikasirika! Alitoka nje, nikamsikia akigonganisha sufuria, akiniambia mimi na majirani kwamba preuve ilikuwa nzuri, ilikuwa wazi, mtoto angeielewa. Halafu aliingia na bakuli la maharage, mekundu na meupe, akakaa kitandani, akaanza kumfundisha upya tangu mwanzo, akiyapanga juu ya blanketi. Mubanga aliitikia kwa kichwa mahali pasipostahili. Alilala kabla hajafika kwenye vikombe, na Tantine aliendelea kidogo peke yake.

Mubanga alikufa wiki ileile, usingizini. Walimletea jeneza la mbao kutoka Nchelenge, wakaliweka sebuleni. Tantine alikaa upande wa kichwa, kiganja juu ya mbao, na hakukiondoa mpaka wanaume walipokuja kulibeba. Kila aliyeinama kumpa pole, alimshika mkono akauweka penye chake.

"Gusa," aliwaambia. "Bashi Plamedie iko hapa. Iko ndani."